Kabati la Mwalimu: shajara ya kazi isiyo na pambo

Siku ya 1

Kazi hii imeanza kwa futikamba kabla ya penseli. Mteja ni mwalimu mstaafu, na anachotaka ni kabati refu la chini, la kusimama ukutani kando ya meza yake. Kuhusu sura alinipa sharti moja tu: "Lisiwe na maua, fundi. Nimepangusa vumbi kwenye maua ya mbao miaka arobaini. Sasa basi."

Tukakaa, yeye kwenye kigoda, mimi sakafuni na daftari, tukapima kila kitu kitakachoingia ndani. Vipimo vyote humu ni milimita, isipokuwa nikisema vingine. Santuri zake ni 120; ganda la kila moja ni mraba wa 315, na zikisimamishwa pamoja zinachukua 430 ya rafu. Mafaili sita magumu ya karatasi za A4, kimo 320, mgongo 75. Vitabu, karibu vyote chini ya 215. Boksi la nyuzi na vifungo, kimo 95. Mwisho cherehani, ile ya chuma ya kuweka mezani, kilo 13 kwenye mizani.

Kipimo cha mwisho nilichukua kwenye mwili wake. Magoti yake hayapendi kuinama, kwa hiyo nilimwomba akiwa palepale kwenye kigoda anyooshe mkono kuelekea chini, bila kujikunja mgongo. Ncha za vidole zilikoma 180 kutoka sakafuni. Namba hiyo nimeizungushia duara mara mbili.

Njia hii nimejifunza kwa Kaare Klint, aliyeanza kufundisha usanifu wa samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Denmark, Copenhagen, mwaka 1924. Alipima vitu vya matumizi ya nyumbani kimoja kimoja, na makabati yake yalitokana na vipimo hivyo. Wengi wakisikia usasa katika samani hufikiria sura: mistari minyoofu, miguu myembamba, rangi chache. Mimi kilichonivuta ni hili la kukaa na vitu kwanza na kuviuliza vinahitaji nafasi gani.

Siku ya 3

Namba zimeanza kupangana zenyewe. Santuri ni 315, mafaili 320. Ukiongeza nafasi ya vidole juu, vyote viwili vinatosha kwenye uwazi wa 340. Juu yake rafu ya 18, kisha droo ya boksi la nyuzi: uwazi wa 131 unatosha. Jumla ya kimo cha ndani, 489.

Upande wa vitabu nikagawa hiyohiyo 489 kwa rafu moja ya katikati, ya 18. Kila tabaka likabaki na 235 na nusu: kitabu cha 215 pamoja na nafasi ya vidole. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea, kwa sababu haikuwa imepangwa. Haikukosewa.

Upana: santuri 430 zinahitaji nafasi ya kupekuliwa, mafaili sita yanakula 450. Vyumba vitatu vya 536 kila kimoja, mbao nne za kusimama za 18, jumla 1680. Kina cha nje 420, kwa kuwa milango na njia zake itakula kama 40 mbele na ubao wa nyuma utachukua sehemu yake.

Msanifu majengo Louis Sullivan aliandika mwaka 1896, akizungumzia majengo marefu ya ofisi, kwamba umbo daima hufuata kazi. Neno hilo limetumika mpaka limechakaa, na wengine hulichukulia kama ruhusa ya kutengeneza kitu kikavu. Lakini kazi ya kabati hili haiishii kwenye kubeba mafaili. Goti la Mwalimu ni sehemu ya kazi yake. Kupekua santuri taratibu jioni bila kuharakishwa na maumivu ya mgongo, nako ni sehemu ya kazi yake.

Siku ya 6

Siku tatu nimehangaika na cherehani. Mchoro wa kwanza ulikuwa na chumba chenye mfuniko na ubao wa kupanda kwa springi, mashine inachomoza ikihitajika na kuzama ikimaliza kazi. Mchoro wa pili ulikuwa na droo nzito ya kuvuta. Kila mmoja uliomba vyuma vingi kuliko kabati lenyewe, na wa kwanza ulivunja mpangilio wote wa siku ya 3.

Nilimpelekea hivyohivyo. Aliutazama mchoro kwa muda, akaweka kidole juu ya kile chumba. "Sasa mashine yangu umeifunga jela?"

"Nilidhani ungependa isionekane, Mwalimu."

"Ikifichwa nitaacha kushona. Iache niione."

Nilitoka pale nimeaibika kidogo, maana nilikuwa nimeanza na kitu cha kuficha badala ya kuanza na mtu anayeshona. Nikarudi kwenye daftari na kukuta kipimo ambacho sikuwa nimekipa uzito: kimo cha meza yake, 720. Kabati likiwa na kimo hichohicho, cherehani itakaa juu yake, kwenye kipande cha felti, na kusukumwa kwa mkono mmoja mpaka mezani. Hakuna kuinua kilo 13.

Na tazama linavyojibu: 720, toa ubao wa juu wa 25, toa dari na sakafu ya sanduku za 18 kila moja, toa 489 ya ndani. Inabaki 170. Hiyo ndiyo miguu. Sakafu ya ndani inakuwa kwenye 188, na mkono wa Mwalimu unafika 180.

Springi zote nimezifuta.

Siku ya 8

Kielelezo cha kadibodi, ukubwa kamili, kimewekwa mahali pake. Siachi hatua hii hata mchoro ukinishawishi namna gani. Kwenye karatasi 1680 ni mstari. Chumbani ni kitu unachopita kando yake usiku ukiwa na usingizi.

Jambo moja limebadilika. Nilikuwa nimechora milango ya bawaba. Mlango wa kulia ukifunguka unagonga kiti cha Mwalimu, na ili aufungue kabisa lazima asimame na kukisogeza kiti. Kwa hiyo milango itateleza.

Vyumba ni vitatu, milango miwili, kila mmoja kwenye mfereji wake. Maana yake chumba kimoja kitakuwa wazi wakati wote. Kwanza niliona ni kasoro, nikaanza kutafuta mlango wa tatu utakaa wapi. Kisha nikamuuliza. Akasema asubuhi anataka vitabu, jioni santuri, na mafaili mwisho wa mwezi. Anafungua kimoja kwa wakati mmoja; hiyo ni milango miwili.

Siku ya 11

Leo ni miguu, na nimeipa siku nzima.

Mazoea ni kuweka mguu kila pembe. Ukiuliza kwa nini, jibu huwa ni kwamba ndivyo meza zilivyo. Lakini sanduku refu lililojaa mzigo ni boriti, na boriti inayobeba mzigo sawasawa urefu wake wote ina mahali pake pazuri pa kuegemezwa: kama asilimia 21 ya urefu kutoka kila ncha. Hapo nguvu ya kupinda katikati na ile ya juu ya viegemeo hulingana, na ubao hufanya kazi ndogo kuliko ukiegemezwa mahali pengine popote. Kwa 1680 ni karibu 350 kutoka ncha. Ndiyo maana makabati mengi ya katikati ya karne ya 20 yana miguu iliyoingia ndani. Wepesi ule unaopendeza macho una hesabu ya mzigo nyuma yake.

Nilikuwa nimeshaandika 350 na kufunga daftari, nikakumbuka mjukuu wake. Siku ya kielelezo alikuwa amekaa kwenye ncha ya meza, miguu inaning'inia, anakula hadithi za bibi yake. Atakaa na kwenye kabati, na siku moja mtu mzima naye atakaa.

Nikapiga hesabu ya kupinduka. Kabati tupu nalikadiria kilo 45. Mtu wa kilo 80 akikaa 100 kutoka ncha, na mguu uko 350, uzito wake uko 250 nje ya mguu: 80 mara 250 ni 20,000. Upande wa pili, kilo 45 zikiwa katikati ya kabati, 490 kutoka mguu huohuo: 22,050. Halipinduki, lakini tofauti ni nyembamba mno kwa kitu kitakachokaa na mtoto chumba kimoja. Nikisogeza mguu hadi 280, hesabu inakuwa 14,400 dhidi ya 25,200. Sanduku la plaiwudi la 18 lenye vigawanyo viwili ndani lina ugumu wa kutosha kustahimili tofauti ndogo ya kupinda inayoongezeka.

280, basi. Kwa macho yangu 350 ilikuwa nzuri zaidi. Nimeitazama kwenye mchoro mara nyingi leo, na bado naiona nzuri zaidi.

Siku ya 12

Aina ya kiunzi cha miguu. Marcel Breuer, mbunifu wa samani, akiwa Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu huko Dessau, Ujerumani, mwaka 1925, alitengeneza kiti cha bomba la chuma lililokunjwa, na tangu hapo bomba limekuwa kama bendera ya usasa. Mimi nafanya kazi na mbao. Mbao zikijifanya bomba, maua yatakuwa yamerudi kwa mlango wa nyuma.

Gerrit Rietveld, mbunifu wa Uholanzi, ndiye alinishawishi kwa muda. Kwenye kiti chake cha mwaka 1918, kile kilichopakwa rangi nyekundu na bluu miaka michache baadaye, vipande vya mbao vinakutana na kupitana. Hakuna kinachokatwa ili kumpisha mwenzake, kila kimoja kinaendelea kidogo mbele ya mahali pa kukutana. Unaona jinsi kiti kilivyounganishwa kwa kukitazama tu. Nilichora kiunzi cha namna hiyo. Lakini ncha zinazochomoza karibu na sakafu, kwa mtu anayepita kwa magoti yanayouma, ni ncha za kumgonga. Nimechukua wazo lake la uwazi na kuacha ncha: ulimi wa kila mhimili, yaani ncha yake iliyochongwa iingie kwenye tundu la mguu, utapita mguu mzima na kuonekana upande wa pili, umekatwa sawa na uso wa mguu.

Siku ya 15

Mbao zimefika. Msaji kwa kiunzi, ubao wa juu, na vipande vya mbele vitakavyobeba mifereji; plaiwudi yenye vinia (ganda jembamba la mbao) ya msaji kwa sanduku.

Wapo watakaosema plaiwudi ni njia ya mkato. Kwangu sababu ni tabia ya mbao. Mbao nzima hupumua: inanyonya unyevu inavimba, inautoa inasinyaa, na hufanya hivyo kwa upana, karibu hakuna kwa urefu. Msaji ni mtulivu ukilinganisha na miti mingi, hata hivyo ukiupima kutoka mbichi mpaka mkavu kabisa husinyaa karibu asilimia 5.8 kwa mkondo wa miduara ya ukuaji, na 2.5 kwa mkondo wa kutoka moyoni kwenda gandani. Mabadiliko hayo huanza unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi. Gawanya, unapata karibu asilimia 0.19 ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu. Ubao wangu wa juu una upana wa 420, na mbao zake zimepasuliwa bapa, yaani upana wake unafuata miduara hiyo ya ukuaji. Unyevu ukibadilika asilimia 4 kati ya majira, ubao utatembea kama 3.

Milimita tatu zinatosha kupasua ubao uliofungwa pande zote. Zinatosha pia kukwamisha mlango unaoteleza. Plaiwudi, kwa kuwa tabaka zake zimelazwa kwa kupishana nyuzi, karibu haitembei kabisa. Basi sanduku, ambalo lazima lishike vipimo vya milango, ni plaiwudi. Ubao wa juu, ambao mikono na cherehani vitausugua kila siku, ni mbao nzima inayoweza kurandwa upya baada ya miaka. Utafungwa kwa skrubu thabiti mbele. Nyuma skrubu zitapita kwenye matundu marefu ili utembee unavyotaka.

Kingo za mbele za vigawanyo nimeamua kuziacha zionyeshe tabaka za plaiwudi, zimesuguliwa tu. Fundi mwenzangu aliyekuja kuazima jiriwa aliniambia nibandike vinia juu ya kingo, watu watadhani ni mbao nzima. Sitaki wadhani hivyo.

Siku ya 17

Kiungo cha kwanza cha majaribio kimevunjika. Niligundisha ulimi na tundu jana kwenye vipande vya ziada, leo nimevipiga nyundo, vikaachana safi kabisa, gundi imebaki kama ngozi upande mmoja. Mbao haikung'oka hata unyuzi.

Kosa ni langu. Msaji una mafuta yake ya asili, ndiyo yanayoufanya usioze haraka, na mafuta hayo hupanda kwenye uso uliokatwa na kuizuia gundi kushika. Nilikata siku mbili kabla ya kugundisha. Leo nimekata upya, nimefuta nyuso zote kwa asetoni mpaka kitambaa kikatoka bila rangi, nikapaka gundi papo hapo.

Siku ya 18

Jaribio la pili halikuachana kwenye gundi. Mbao yenyewe ndiyo iliyong'oka. Naendelea.

Siku ya 20

Kiunzi kimegundishwa. Ndimi nane zinaonekana kwenye nyuso za miguu, kila moja mstatili wa giza kidogo, kwa sababu unaziona kwa upande wa kichwa cha mbao, na kichwa cha mbao hunywa mwanga. Nimekaa nikazitazama muda mrefu.

Hans Wegner, mbunifu wa samani wa Denmark, alipotengeneza kile kiti chake cha duara mwaka 1949, maungio ya mgongo wake yalizungushiwa henzirani na kufichika. Baadaye aliondoa henzirani na kuunganisha vipande kwa meno ya zigizaga yanayoonekana wazi. Nikifikiria siku aliyofanya uamuzi ule, naona ujasiri wake mkubwa ulikuwa kwenye patasi. Meno yale yasingekuwa safi, yasingewezekana kuonyeshwa.

Siku ya 23

Mifereji ya milango. Imo kwenye vipande vya msaji vya upana wa 40, kimoja chini, kimoja juu. Wa chini una kina cha 5, wa juu 12. Mlango una kimo cha 500. Unauingiza kwenye mfereji wa juu kwanza, unausukuma juu mpaka mwisho, hapo sehemu ya chini inapita kwa nafasi ya 1, kisha unauachia udondoke kwenye mfereji wa chini. Ukishakaa, bado 6 ziko ndani ya mfereji wa juu. Kuutoa ni kurudisha safari hiyohiyo. Hakuna bawaba, skrubu, wala gurudumu la kuvunjika. Nta ya mshumaa ndiyo kilainishi pekee.

Mpini pia hakuna. Kila mlango una tundu la mviringo la 30, kingo zake zimelainishwa kwa mkono. Mwalimu aliingiza kidole kwenye kipande cha majaribio, akakitoa, akaingiza tena. "Hapa pakwaruza kidogo," akasema, na alikuwa sahihi; palikuwa na ukingo ambao ngozi yangu ngumu haikuusikia.

Siku ya 25

Sanduku limesimama. Pembe nimezipima kwa kulinganisha mishazari, tofauti chini ya nusu milimita. Droo inateleza.

Siku ya 27

Siku mbaya. Nimeweka sanduku juu ya kiunzi, nikaingiza milango, na mwanya kati ya mlango wa kushoto na ubao wa pembeni unaanza na 2 juu na kuishia karibu na 4 chini. Nilirudia kupima sanduku peke yake sakafuni: milango inakaa sawa. Nikarudisha juu ya kiunzi: mwanya umepinda.

Nikaweka vijiti viwili vilivyonyooka juu ya kiunzi, kimoja kila upande, nikainama na kuvitazama kwa jicho moja. Havikuwa sambamba. Kiunzi kimepindika karibu 2 kutoka pembe hadi pembe. Klampu moja siku ya 20 iliuvuta mhimili, na mimi nilikuwa nikitazama ndimi.

Jambo hili ndilo limenifanya niandike ukurasa mrefu usiku huu. Kwenye kabati la zamani lenye nakshi, milimita mbili hizi zisingeonekana. Kungekuwa na fremu ya mapambo kuzunguka mlango, taji juu, sketi chini, na kila moja ingefunika mwanya wake. Fremu zile tunaziita urembo, lakini zilikuwa pia vifuniko: ziliruhusu mbao itembee na fundi akosee bila mtu kujua. Mtu anayeliondoa pambo hajaiondoa kazi iliyokuwa ikifanywa na pambo. Kazi hiyo inabaki pale, inasubiri nani ataifanya. Nilipoondoa bawaba, mfereji uliichukua kazi yake, na cherehani ilipotolewa jela kimo cha 720 kikaibeba. Hapa kwenye mwanya, aliyebaki wa kuifanya ni mimi na randa.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kuchomeka kipande cha vinia chini ya pembe moja na kukaza skrubu. Hakuna ambaye angeona. Lakini kipande kile kingebanwa na mzigo wa santuri, kingesinyaa, na baada ya mwaka mlango ungeanza kukwama, na Mwalimu angedhani ni yeye ndiye hajui kuufungua.

Nimekwenda kulala bila kufanya kitu.

Siku ya 28

Nimeranda pembe mbili za juu za kiunzi, kidogo kidogo, nikiangalia vijiti baada ya kila mapito matatu. Imechukua asubuhi nzima. Msaji una chembe za silika ndani yake na hula makali. Nimenoa randa mara nne. Mchana vijiti vimekaa sambamba, sanduku likakaa, mwanya ukawa 2 juu na 2 chini.

Mhimili wa mbele sasa una kimo pungufu kwa karibu 1 upande mmoja. Uko ndani ya kivuli, chini ya sanduku. Mimi nitajua upo.

Siku ya 31

Ubao wa juu. Nilipanga ulale moja kwa moja juu ya dari ya sanduku, kingo zikiwa sawasawa. Nikauweka kwa majaribio, na papo hapo nikaona tatizo nililojiandikia mwenyewe siku ya 15: ubao utatembea hadi 3, sanduku halitatembea. Kingo zilizo sawasawa leo hazitakuwa sawasawa baada ya miezi, na jicho hushika haraka sana mstari uliokusudiwa kuwa mmoja ukawa miwili.

Suluhisho ni kutouahidi mstari mmoja. Nimeweka vipande vyembamba vya 4 kati ya dari na ubao wa juu, vimeingia ndani 20 kutoka kingo, ili ubao uonekane umeelea juu ya mwanya wa kivuli. Mwanya huo ni mstari wa giza, na ndani ya giza milimita mbili au tatu za kutembea hazidhuru chochote. Umefanya kazi ya fremu ya zamani kwa kutokuwepo kwa kitu. Na kwa kweli umelipa kabati sura yake. Kabla ya hapo lilikuwa sanduku.

Ila kimo kimeongezeka 4, na 724 si 720. Miguu niliiacha mirefu kidogo makusudi mpaka leo, nikaikata 166. Sakafu ya ndani imeshuka hadi 184. Bado iko juu ya 180.

Siku ya 34

Msasa namba 120, 180, 240, kwa mkono, kufuata nyuzi. Kisha mafuta ya kitani, tabaka tatu nyembamba, kila moja nikifuta ziada baada ya robo saa na kuiacha ikauke. Vanishi ingeng'aa zaidi na kulinda zaidi, lakini ikichubuka lazima uikwangue yote. Mafuta Mwalimu anaweza kuyapaka tena mwenyewe mahali palipokwaruzika.

Vitambaa vilivyolowa mafuta haya nimevitandaza nje kimoja kimoja vikauke. Vikirundikwa vinapata joto vyenyewe wakati mafuta yakikauka, na vinaweza kushika moto bila mtu kuvigusa. Kila anayefanya kazi na kitani alijue hili kabla ya kufungua kopo.

Siku ya 38

Limefika kwake. Sakafu ina mteremko wa 3 kati ya ncha mbili, nikaweka vipande vya ngozi ngumu chini ya miguu miwili mpaka pima maji ikatulia. Meza yake nayo nilikuta mguu mmoja una kipande cha kadibodi chini, kilichowekwa na mtu zamani. Nikabadilisha kwa ngozi.

Mwalimu hakusema neno mpaka cherehani ilipowekwa juu. Akaishika kwa kiganja kimoja, akaisukuma. Ilivuka mwanya kati ya kabati na meza kwa sauti ndogo ya felti, ikasimama mbele ya kiti. Akairudisha. Akaisukuma tena.

Kisha akakaa kwenye kigoda na kuanza kupanga santuri.

Siku ya 97

Nimepita kukagua. Kabla ya kuondoka siku ya 38 nilichora alama mbili za penseli, moja chini ya ubao wa juu upande wa nyuma na nyingine kwenye sanduku, zikiwa zimelingana. Leo zimeachana kwa 2. Mwanya wa kivuli hauonyeshi kitu. Milango inateleza kama siku ya kwanza, ila mfereji wa chini ulikuwa na vumbi. Nimeufagia kwa brashi na kupaka nta.

Mafaili yamehamishwa chumba cha katikati na santuri zimekwenda kulia, karibu na kiti. Hilo sikulipanga, lakini vyumba vyote vitatu vina 536, kwa hiyo kilichohitajika ni kuhamisha droo na rafu tu, na mjukuu alisaidia.

Ulimi mmoja, ule wa mguu wa mbele kushoto, umechomoza kidogo mno kuliko uso wa mguu, mguu umesinyaa na ulimi haukusinyaa kwa mkondo huo. Unausikia kwa kidole. Niliuliza kama niusugue. Mwalimu akapapasa pale, akasema niuache.

Anataka sasa kigoda kipya cha kukaa mbele ya santuri. Nimepima: kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake, akiwa amevaa viatu vya ndani, ni 410.